Blogu, kundi la WhatsApp, video fupi au baraza: kitabu ulichokipenda ukisimulie wapi?

Mwezi wa Machi kitabu changu kilirudi nyumbani baada ya kuzurura miezi mitano. Nilimwazima jirani hapa Walukuba, Jinja. Jirani akampa shemeji yake. Shemeji akampa mtu wa Bugembe ambaye mpaka leo sijamwona. Kilirudi na pembe za jalada zimekunjika na doa la mchuzi wa karanga kwenye ukurasa wa 61. Ukurasa huohuo, chini ya sentensi niliyokuwa nimeipigia mstari kwa penseli, palikuwa na mstari wa pili wa kalamu ya buluu, na pembeni neno moja: "Kweli." Nililitazama neno lile kwa muda mrefu. Kuna mtu alipita ndani ya kitabu kile akasimama palepale niliposimama mimi.

Naandika kwa ajili ya mtu anayeitamani furaha hiyo na hajui aanzie wapi. Ninaulizwa mara kwa mara, hasa na walimu na vijana waliomaliza masomo: nifungue blogu ya vitabu? Nianzishe kundi la WhatsApp? Nirekodi video fupi kama wanavyofanya TikTok? Au niite watu watano nyumbani tukae tusome? Nimezijaribu zote nne, nyingine kwa miaka, nyingine kwa miezi tu, na kila moja imenipa kitu ambacho zile tatu hazikunipa.

Vipimo vyangu ni vitano: gharama, muda na kazi, jibu unalolipata kwa wasomaji, kudumu kwa ulichokisema, na lugha, pamoja na watu inaowafikia. Nikilazimika kubaki na kimoja tu, nabaki na jibu. Kwa hiyo utaona nimekaa hapo kuliko kwingine.

Gharama

Blogu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. WordPress na Blogger zote zina mpango wa bure, na unalipa tu ukitaka anwani yenye jina lako mwenyewe, ambayo hulipiwa kila mwaka. Maandishi hayana uzito: maneno elfu moja matupu ni kama kilobaiti saba au nane. Kinacholemea ukurasa ni picha na mapambo, kwa hiyo ukiweka picha moja ndogo ya jalada, msomaji wako mwenye bando la mwisho wa mwezi bado atakufikia.

WhatsApp karibu haigharimu kitu mpaka ujumbe wa sauti uanze kumiminika. Video ndiyo inayokula bando, la kwako unapoipandisha na la mtazamaji anapoifungua. Hili tusilipuuze hapa Uganda. Ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 iliondolewa mwaka 2021, na badala yake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Anayefungua video yako amelipia.

Baraza la kusoma halidai bando hata kidogo, lakini lina gharama yake iliyofichika: nakala. Riwaya mpya dukani Kampala inaweza kumaliza elfu arobaini au zaidi, na vitabu vya Kiswahili vingi hatuvioni madukani kabisa; tunavisubiri kwa mtu anayetoka Nairobi au anayevuka Busia. Baraza letu la watu saba limewahi kusoma riwaya nzima kwa nakala mbili, tukipeana kwa zamu ya siku tano tano. Ongeza nauli ya boda na chai ya maziwa. Kwa mwenye kipato kidogo, hii inaweza kuwa njia ghali kuliko zote nne.

Muda na kazi

Makala moja ya blogu hunila jioni mbili. Ya kwanza naandika kila kitu kilichonijia, ya pili nafuta nusu. Baada ya hapo niko huru. Makala hainiiti usiku.

Kundi la WhatsApp ni kinyume chake. Kulianzisha ni dakika tatu, kulilea ni kila siku. Kuna anayeleta tangazo la vifaranga, kuna anayetuma dua ndefu ya asubuhi, kuna anayesimulia mwisho wa hadithi wakati wenzake wako sura ya pili. Kundi linaruhusu watu hadi 1,024, lakini nimeona kundi la kusoma likizidi arobaini linakuwa stendi ya taksi: kila mtu anaita, hakuna anayesikiliza. Kanuni moja imetusaidia sana: kila ujumbe unaanza na namba ya sura. "Sura ya 4." Ambaye hajafika hapo anaupita.

Video ya dakika moja hudanganya. Mtazamaji anaona dakika. Wewe unajua mchana mzima umekwenda kwa kungoja mwanga mzuri, kusimamisha simu juu ya mkebe wa maziwa, kurudia mara tisa, kisha mvua inaanza kupiga mabati na sauti yote inaharibika. Wenye mkono mwepesi wa kurekodi hawapati shida hii, nami nawaheshimu. Baraza linataka Jumamosi moja kwa mwezi, pamoja na kazi ya kukumbusha watu, ambayo ni kubwa kuliko inavyosikika.

Jibu

Mtu hasimulii kitabu ili asikike tu. Anasimulia ili mwingine akisome, kisha arudi amwambie alichokiona. Njia hizi nne zinatofautiana hapa kuliko mahali pengine popote, kwa kasi ya jibu, wingi wake na kina chake.

Jibu la blogu huchelewa. Unachapisha, na kwa siku kadhaa hakuna kitu, na kimya kile kinaweza kumvunja moyo mtu aliyezoea alama za buluu za WhatsApp. Nilikaribia kuifunga yangu mwaka wa kwanza. Kisha, miaka miwili baada ya kuandika makala fulani, nilipata barua pepe ya mwanafunzi wa ualimu kule Mbarara. Alikuwa anatafuta usiku jambo la kuwafundisha watoto wa Senior One, akaangukia makala yangu, akaisoma, akakitafuta kitabu mpaka akakipata kwa mwalimu mwenzake, akakimaliza. Barua yake ilikuwa ndefu kuliko makala. Alinipinga mahali pawili, na mahali pamoja kati ya hapo alikuwa na haki kabisa. Majibu ya namna hii ni machache, pengine matatu au manne kwa mwaka, lakini kila moja limeandikwa na mtu aliyekaa akafikiri.

Kundi la WhatsApp linajibu papo hapo, na uzuri wake ni sauti. Tuna mama mmoja wa Arua ambaye husoma watoto wakishalala. Siku aliyofika mahali mhusika mkuu anaporudi kijijini na kukuta nyumba ya mama yake imebomolewa, alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nusu ya kwanza hakusema kitu cha maana. Alikuwa anavuta pumzi, mashine ya jenereta inanguruma kwa mbali. Halafu akatueleza nyumba ya mama yake mwenyewe. Asubuhi yake watu kumi na mmoja walikuwa wamemjibu. Blogu isingeweza kumfikia saa ile. Lakini niseme na upande wa pili: kwa kila ujumbe kama ule, kuna "nzuri sana" thelathini na vidole gumba visivyo na idadi, na wengi wanaojibu hawajafungua kitabu.

Video fupi inaleta jibu jingi na jembamba. Mioyo, nyuso za kulia, "jina la kitabu tafadhali" hata kama jina umelitaja mara mbili. Zamani niliidharau kwa sababu hiyo, na nilikosea. Siku moja kwenye steji ya boda karibu na soko kuu la Jinja kijana mmoja aliniuliza, "Mama, wewe si yule wa vitabu?" Alikuwa ameona video yangu moja kwenye simu ya rafiki yake. Hajasoma kitabu tangu aache shule. Alitaka kile nilichosema kina mwizi ndani yake. Nilimpeleka. Blogu yangu haijawahi kumfikia mtu kama yeye, na baraza langu lisingemwita, kwa kuwa tusingejua yupo.

Baraza ndilo lenye jibu zito, maana unaliona usoni kabla halijasemwa. Mwaka juzi tulisoma *Wimbo wa Lawino* katika tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, aliutoa wimbo huu, ambao ni shairi refu, kwa Kiingereza mwaka 1966, na toleo la Kiacholi lenyewe, *Wer pa Lawino*, likafuata 1969. Tulikuwa tunapokezana kusoma kwa sauti, chai mezani, mandazi yamepoa. Zamu ilipofika kwa mzee mmoja mstaafu wa Gulu aliyehamia hapa zamani kufanya kazi kiwandani, alikifunga kitabu juu ya kidole chake, akaanza kuutamka kwa Kiacholi, kwa kichwa, macho kwenye dirisha. Hakuna aliyemwelewa neno kwa neno. Alipomaliza, binti wa miaka kumi na saba akamwomba arudie polepole, huku yeye akifuata kwa kidole kwenye ukurasa wa Kiswahili, akitafuta ni wapi mistari miwili inakutana. Nimeblogu mara nyingi kuhusu vitabu, na sijui ningeliandikaje jambo lile likatosha.

Uganda ina kumbukumbu kubwa ya njia hii ya mkono kwa mkono. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, na Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, wakati huo bado mwanafunzi hapo chuoni, alimpa Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, mswada wake ausome. Achebe aliusoma, akausogeza mbele kwa mchapishaji, na mwaka 1964 ukatoka kama riwaya, ya kwanza ya Ngũgĩ kuchapishwa. Msomaji mmoja alipokea kurasa, akazipenda, akamwambia mwingine.

Kudumu

Mkutano uleule wa Makerere unatufundisha pia ubora wa maandishi. Mengi yaliyosemwa kwenye korido na mezani yamepotea na waliokuwepo. Lakini mwaka uliofuata, 1963, Obiajunwa Wali, mhakiki wa Nigeria, alichapisha makala katika jarida la *Transition*, ambalo Rajat Neogy alilianzisha hapahapa Kampala mwaka 1961. Wali alihoji vipi fasihi ya Afrika itakua ikiwa inaandikwa kwa lugha za kigeni tu. Waandishi wakamjibu katika matoleo yaliyofuata, wengine kwa ukali. Mabishano yale tunayasoma mpaka leo na bado tunagombana juu yake. Alichokiandika kilikuwa na anwani. Mtu aliweza kukirudia, kukinukuu na kukipinga.

Blogu ina sifa hiyo. Makala ya mwaka 2019 ipo palepale, na anayetafuta jina la kitabu ataiona. Ila usiiamini kampuni yoyote kukutunzia kila kitu: pakua nakala ya makala zako mara mbili kwa mwaka uziweke kwenye flashi.

WhatsApp ni mchanga wa mtoni. Simu yangu iliporwa kwenye taksi miaka mitatu iliyopita, na kwa kuwa sikuwa nimewasha uhifadhi, mazungumzo ya miaka miwili yalikwenda nayo, pamoja na ule ujumbe wa dakika nne wa mama wa Arua. Wenzangu wengine nao walikuwa wameufuta ili simu zipate nafasi. Tangu hapo, ujumbe mzuri naunakili kwenye daftari, kwa idhini ya mwenyewe.

Video hubaki, lakini hufukiwa na zinazokuja juu yake. Ukurasa wa mtandao nao unaweza kufungiwa mlango bila kosa lako: Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa, na hata iliporudi, mitandao mingine ya kijamii ilibaki imefungwa kwa wiki kadhaa. Kipindi kile baraza letu lilikutana, watu watano wenye barakoa, viti vimeachana. Maneno ya baraza hayaachi nakala, ni kweli, lakini lenyewe halizimiki.

Lugha na wanaofikiwa

Anayesimulia vitabu kwa Kiswahili Uganda anajua upweke wake. Shuleni tumesoma kwa Kiingereza, sokoni Kampala ni Luganda, na wasomaji wa Kiswahili wametawanyika: Busia, Malaba, Arua, Jinja, kambini kwa wanajeshi, kwa wafanyabiashara wa mipakani. Hali inabadilika. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umekifanya Kiswahili kuwa lazima kwa Senior One na Two, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wanatafuta vya kusoma na vya kusomesha, na wanatafuta usiku kwenye simu. Kwa hilo, blogu ndiyo inayoonekana. Pia inavuka mipaka: habari ya *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, niliipata kwa msomaji wa blogu yangu aliyeko Dar es Salaam, kabla sijaisikia kwa mtu yeyote hapa.

WhatsApp na baraza vina uhuru ambao blogu haina. Mtu anaanza sentensi kwa Kiswahili, anaimalizia kwa Lusoga, na hakuna anayemsahihisha. Wengi wanaokiona Kiswahili chao kuwa kibovu wamefungua midomo kwa sababu hiyo. Kwenye video lugha inasaidiwa na uso na mikono, kwa hiyo hata asiyekijua vizuri anashika.

Kulingana na hali yako

Kama unapenda kukaa na kitabu kimoja kwa wiki nzima, ukikigeuza, na kimya hakikutishi, fungua blogu. Jipe mwaka mzima kabla ya kuamua kama inafaa. Mwalimu wa Kiswahili namshauri hivyo hata kama hapendi kuandika sana: aya tatu kwa kila kitabu anachosoma na wanafunzi zitamfaa mwalimu mwingine Kabale ambaye hana pa kuuliza.

Kama marafiki zako wa kusoma wametapakaa wilaya nne na hakuna siku wote mtakutana, kundi la WhatsApp ndilo. Chagueni kitabu kimoja, mpange sura za wiki, wawepo waangalizi wawili ili mmoja asichoke. Kitabu kikiisha, pumzikeni wiki mbili kabla ya kingine. Makundi mengi hufa kwa kukosa mapumziko.

Kama una kipaji cha kusimulia, na moyo wako uko kwa vijana ambao hawajawahi kuambiwa kwamba kitabu kinaweza kuwa chao, rekodi video. Taja jina la kitabu mwanzoni na mwishoni, na useme wapi kinapatikana kwa bei nafuu au maktaba ipi ya umma inacho. Bila hilo utawatia njaa uwaache.

Baraza linamfaa mwenye nafasi ya kukaa, kigoda kimoja cha ziada na subira ya kusikiliza watu wasiokubaliana naye. Kama uko Kampala, kabla ya kuanzisha lako ulizia FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa na Mary Karooro Okurut katikati ya miaka ya 1990; kwa miaka mingi kimekuwa na kikao cha wasomaji na waandishi Jumatatu jioni pale Kamwokya. Ukikaa nyuma mara mbili tatu utajifunza jinsi ya kuendesha mazungumzo.

Ukitaka kuchanganya, changanya mbili, usizidishe. Mimi nimebaki na blogu na baraza, na sijarekodi video tangu Desemba, ingawa yule kijana wa boda ananidai nyingine. Mwenzangu wa Mbale ana kundi na video, naye anafikia watu ambao sitawafikia kamwe.

Na kama huna simu ya kisasa, wala chumba cha kukalisha watu, una kitabu kimoja tu ulichokimaliza jana usiku, mpe jirani. Ndani weka na penseli.